Tapeli alijua jina la mtoto, gredi yake na kwamba niko safarini. Alitoa wapi haya yote?

#1 Mzazi_Lanet
Wadau, salamu. Naishi Lanet, Nakuru. Wiki jana nikiwa Kisumu kikazi nilipigiwa simu na namba nisiyoijua, mnamo saa nne asubuhi. Mwanamume, sauti ya upole, Kiswahili cha mwalimu kabisa. Akaniita baba fulani, akamtaja binti yangu kwa majina mawili. Akasema yeye ni mwalimu wa zamu, mtoto wa Gredi ya 4 ameteleza kwenye ngazi akagonga kichwa, wako hospitali na daktari anataka skani kabla ya kitu kingine chochote. Shilingi 3,500. "Najua uko Kisumu, usijisumbue kurudi mbio, tuma kwa namba hii, risiti nitakuwekea." Nyuma yake watoto walikuwa wanapiga kelele kama wako mapumziko.

Nikamwambia anisubiri kidogo. Nikampigia mama yake, naye akampigia mwalimu wa darasa. Mtoto yuko kwenye dawati lake, mzima, anachora ramani ya kaunti. Na shule yenyewe haina ghorofa, hizo ngazi sijui ni za wapi.

Sikutuma kitu. Lakini usingizi umekuwa haba. Utapeli wenyewe tunaujua, wengi hapa wamepigiwa hadithi kama hiyo. Ninachouliza ni hiki: jina la mtoto, gredi, namba yangu na habari kwamba niko Kisumu, vyote vilimfikiaje mtu mmoja? Facebook sina. Instagram sina. Niko WhatsApp tu, na stetasi naweka mara moja moja.

#2 Chapo_Madondo
Wafungwa wa gereza la Kamiti hao. Wana kitivo kizima cha mawasiliano. Pole mkuu.

#3 Kaka_Shabab
Hospitali gani hiyo ina watoto wako mapumziko? 😂 Jamaa alisahau kuzima redio.

#4 Fundi_Kondele
Rahisi sana. Ukianza kumtumia mtu pesa kwa M-Pesa, jina lake linatokea kabla hujakamilisha. Ukikatiza hapo hujatumia hata shilingi moja, na jina umeshapata. Kwa hiyo akiwa na namba tu, jina lako analo. Kisha anaingia Facebook kutafuta ukoo mzima.

#5 Mzazi_Lanet
@Fundi_Kondele hapo umeeleza jina langu. Mtoto wa Gredi ya 4 hana M-Pesa.

#6 NyarAhero
"Facebook sina" si hoja, shem. Mkeo anayo? Dada zako? Shule je? Shule za siku hizi zote zina ukurasa. Siku ya zawadi mtoto anasimamishwa mbele ya bango, cheti mkononi, jina kwa herufi kubwa, gredi, mwaka. Beji ya shule iko kwenye sweta. Unapanua picha kwa vidole viwili unasoma kila kitu, mpaka saini ya mwalimu mkuu.

#7 Mzazi_Lanet
Nimetoka kuangalia ukurasa wa shule kwa simu ya mke wangu. Yupo kweli, muhula wa pili, mashindano ya mashairi. Lakini jina lililoandikwa ni moja. Huyu bwana alitaja mawili.

#8 Mwalimu_Mstaafu
Nimefundisha Vihiga na baadaye Nakuru. Msikimbilie Facebook kabla ya kuangalia grupu la WhatsApp la darasa. Muhula ukifunguliwa, mwalimu anatuma orodha: jina la mtoto kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, namba ya tathmini, jina la mzazi, simu ya mzazi, na safu ya mwisho salio la karo. Mara nyingi hata si faili, ni kompyuta iliyopigwa picha kwa simu, kidole kimeziba kona. Wanaoipokea ni wazazi wa darasa zima, na baba wadogo walioingizwa kwa muda mama alipokuwa amelazwa, na mwenye basi la shule, na mzazi aliyemhamisha mtoto zamani lakini hakuna aliyemtoa.

#9 Mama_Mapacha_Kisumu
Mwalimu, na hilo salio! Kwetu wenye deni walipakwa rangi nyekundu. Siku hiyo kuna mzee alijitoa kwenye grupu bila kuaga.

#10 Chapo_Madondo
Ni mimi. Nilikuwa naenda haja.

#11 DaktariWaSimu
Natengeneza simu karibu na stendi ya Kisumu, kwa hiyo nasema ninachokiona kila siku mezani. Swali la muhimu ni wengine wamekusevu vipi. Mshonaji wa sare amekusevu "Baba fulani G4". Dereva wa basi la shule, "Baba fulani Lanet". Mwenye duka la vitabu vivyo hivyo. Sasa mmoja wao ana Truecaller au programu ya aina hiyo, akaiwekea ruhusa zote bila kusoma, ikabeba namba zake zote na majina aliyoziwekea. Tapeli anaandika namba yako, anapewa jina ulilobatizwa na mshonaji. Hapo amepata mzazi, mtoto na gredi kwa mstari mmoja, na wewe hujaposti hata nukta.

#12 Bomba_Naka
Nimejitafuta sasa hivi. Natokea "Fundi Mabomba Mjeuri Naka". Nani alinisevu hivi?

#13 Kaka_Shabab
@Bomba_Naka nani hakukusevu hivyo 😂😂

#14 Mkulima_wa_Molo
Mimi natokea "Viazi Usimkopeshe". Nitamjua tu.

#15 SimuNaKompyuta
Kumsahihisha kidogo @DaktariWaSimu: wenye Truecaller, ambao ni kampuni ya Sweden, hudai hawachukui kitabu cha namba bila mtu kukubali. Shida ni kwamba anayekubali si wewe, ni mshonaji. Unaweza kuomba namba yako iondolewe: ukiwa na akaunti unaifunga kwanza, halafu unaingia kwenye tovuti yao na kuomba namba itolewe. Inachukua muda kidogo lakini inatoka. @Mzazi_Lanet jaribu kwanza uone jina gani linatokea, usiondoe kabla ya kuona, maana utapoteza ushahidi.

#16 Mzazi_Lanet
Shukrani. Nimeandika namba yangu kwa simu ya mwenzangu kazini. Linatokea jina langu rasmi na neno "Sacco". Hakuna mtoto.

#17 Kaka_Shabab
Nyinyi wote mko mtandaoni, mnasahau karatasi. Ukiingia jengo lolote Nakuru mjini, askari anakusukumia kitabu: jina, namba ya kitambulisho, simu, unaenda kwa nani, saa ya kuingia. Saa ya kutoka hakuna anayejaza. Kitabu kinakaa wazi juu ya meza, na kalamu imefungwa kwa uzi ili isiibiwe. Kalamu ndiyo inayolindwa! Ukurasa mmoja una watu zaidi ya ishirini, picha moja ya simu unaondoka nao wote. Kwa ajenti wa M-Pesa pia kuna kitabu. Na gari za kwenda Kisumu wanaandika abiria kwa jina na simu. Safari yako ilijulikana hapo.

#18 Mzazi_Lanet
Nilikwenda na gari la kazini. Hakuna mahali nilipoandikwa.

#19 NyarAhero
Na stetasi? Ulisema unaweka mara moja moja.

#20 Mzazi_Lanet
Niliweka picha ya samaki. Dunga, mchana. Sikuandika Kisumu popote.

#21 Samaki_Kavu
Hukuandika Kisumu 😂 Ngege mzima kwenye sinia, ugali wa mtama kando, na nyuma yako ziwa halina mwisho. Ulitaka tudhani uko Gilgil?

#22 Kaka_Shabab
Weka hiyo picha hapa tuichunguze vizuri.

#23 NyarAhero
@Kaka_Shabab mtu analia faragha, wewe unamwomba picha. Una akili lakini?

#24 Fundi_Kondele
Hiyo picha ndiyo ilimuuza. Simu inaandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, hadi mita. Tapeli anaifungua na kusoma.

#25 SimuNaKompyuta
@Fundi_Kondele nusu kweli. Simu huandika hayo kama kamera imeruhusiwa kujua mahali. Lakini WhatsApp ikituma picha kama picha, inaibana na kuondoa hayo maandishi. Yanabaki ukiituma kama faili, ile njia watu hutumia ili isipoteze ubora. Stetasi haibebi. Kwa hiyo samaki alisema kwa sura yake mwenyewe, hakuhitaji setilaiti.

#26 DaktariWaSimu
Na tuelewe stetasi inavyofanya kazi, maana watu huja hapa mezani wakiapa kwamba "dunia nzima inaona". Haioni. Anayeona ni yule uliyemsevu wewe na yeye akakusevu. Kinachoonekana na kila mtu, usipobadilisha chochote, ni picha ya profaili, yale maneno ya chini yake, na mara ya mwisho ulipokuwa hewani. Kwa hiyo kama Kisumu ilitoka kwenye stetasi, aliyeitoa yuko kwenye simu yako.

#27 Chapo_Madondo
Kumbe ni shemeji.

#28 Mama_Mapacha_Kisumu
Usiseme hivyo hata kwa mzaha @Chapo_Madondo. Kuna nyumba zimevunjika kwa dhana za namna hiyo. Jirani yetu kule Mamboleo alimshuku mdogo wa mumewe, wakagombana hadi mbele ya wazee, na hadi leo hawasalimiani. Na haikujulikana kama ni yeye.

#29 SimuNaKompyuta
Kuna njia nyingine isiyomhusisha ndugu. Laini isipotumika kwa muda mrefu kampuni ya simu huichukua na kuiuza tena. Wewe bado umeisevu "Fundi wa Geti", lakini mwenye namba sasa ni mtu wa Bungoma au wa jela, hujui. Yeye akikusevu kutoka kwenye ile orodha ya karo, masharti ya #26 yametimia, anaona samaki wako. Ni bahati mbaya ya kupangana, nakubali. Lakini tapeli ana orodha mia ngapi? Hahitaji bahati kwako, anaihitaji kwa mmoja tu.

#30 Mluhya_Halisi
Mimi naamini simu inatusikiliza. Nilizungumza na mke wangu kuhusu mabati, jioni nikaletewa tangazo la mabati.

#31 Chapo_Madondo
Nyumba yako inavuja, omwami, hata satelaiti inaona.

#32 Mkulima_wa_Molo
Hakuna aliyetaja mikopo ya simu. Mnakumbuka zile programu za kukopa mia tano usiku? Unaipa ruhusa ya namba zako zote, meseji, hata picha. Ukichelewa kulipa, wanawapigia watu wako. Mimi nilipigiwa na msichana mkali kuliko askari kanzu, ananiagiza nimwambie jirani alipe 2,400. Sikuwa mdhamini wala shahidi, kosa langu ni kusevwa kwenye simu yake. Sasa jiulize, kampuni za aina hiyo zilizofungwa au kukimbia zilipeleka wapi zile namba? Nadhani ziliuzwa kwa kilo.

#33 Fundi_Kondele
Si serikali ilipiga marufuku? Na faini ni milioni tano kila kosa.

#34 Wakili_Bila_Tai
Taratibu. Benki Kuu ilileta kanuni za wakopeshaji wa kidijitali Machi 2022, na ndani yake imekatazwa kuwapigia watu walio kwenye simu ya mdaiwa ili kumwaibisha. Kuhusu faini, milioni tano ni kikomo, na sheria ya data inasema milioni tano au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, *kile kilicho kidogo*. Kwa hiyo kampuni ndogo hailipi milioni tano.

Msingi wote ni Katiba ya 2010, kifungu cha 31: una haki habari za familia yako zisidaiwe wala kufichuliwa bila sababu. Halafu ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ofisi ya Kamishna wa Data ina meno kiasi. Septemba 2023 ilitangaza faini tatu kwa pamoja: kampuni ya mikopo 2,975,000 kwa mambo hayohayo ya @Mkulima_wa_Molo, klabu moja Nairobi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake, na shule 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Angalieni iliyotozwa zaidi ni ipi. Kwa mtoto idhini ni ya mzazi au mlezi, wala si ya mwalimu mkuu.

Malalamiko yanapaswa kumalizwa ndani ya siku 90. Ofisi ziko pia Kisumu na Nakuru, si lazima upande gari la Nairobi.

#35 Mzazi_Lanet
Asante wakili. Lakini idhini nadhani tulitia saini. Kwenye fomu ya kujiunga kuna mstari, "picha kwa shughuli za shule".

#36 Wakili_Bila_Tai
Mstari wa jumla kama huo unaweza kupingwa, idhini inatakiwa iwe mahususi. Na hata ukiwa ulikubali unaweza kuiondoa idhini wakati wowote. Waandikie barua, acha nakala.

#37 NyarAhero
Wakili, mimi nina kesi ya nyumbani. Wifi yangu anaposti watoto wangu Facebook kila wakija kwa nyanya yao. Wakiwa beseni wanaoga, wakiwa na sare, siku ya kuzaliwa na tarehe kamili, "wapenzi wa shangazi". Nimemwomba kwa upole. Nimemwomba kupitia mume wangu. Jibu la mama mkwe likaja: watoto ni wa ukoo, wewe unawaficha nini, wana ugonjwa? Naweza kwenda ofisi hiyo?

#38 Wakili_Bila_Tai
Hapo pagumu. Kifungu cha 51 cha hiyo sheria ya data kinaziacha nje shughuli za mtu binafsi zilizo za kibinafsi au za nyumbani tu. Wifi atasema ni mambo ya nyumbani.

#39 NyarAhero
Wifi ana marafiki elfu nne na ushee. Hiyo ni nyumba ya vyumba vingapi?

#40 SimuNaKompyuta
😂😂 Hapo amekupata, wakili.

#41 Wakili_Bila_Tai
Hoja nzuri, na kama ningekuwa upande wako ningeitumia. Lakini ukishinda, Krismasi utakula wapi?

#42 Mama_Mapacha_Kisumu
Dada @NyarAhero, mimi niliacha kubishana na maneno. Mapacha wangu wakienda kwa nyanya yao siku hizi nawavalisha nguo za nyumbani tu, sare inabaki. Na nilimfungulia mama mkwe grupu la familia, watu tisa, picha zote naweka mimi kabla wifi hajashika simu. Mama mkwe amepata picha zake mapema kuliko Facebook, sasa yeye ndiye anamkataza binti yake kuposti "picha za zamani". Sheria sikuihitaji.

#43 Mwalimu_Mstaafu
Mnazungumza kana kwamba faragha ilikuwepo na ikaibiwa. Nani hapa anakumbuka matangazo ya vifo redioni, Sauti ya Kenya na baadaye KBC? Mtangazaji alisoma taratibu: marehemu alikuwa mume wa fulani na fulani, baba wa fulani wa Reli Nakuru, fulani mwalimu wa shule fulani, shemeji wa chifu, nyumbani kijiji fulani, mazishi Jumamosi. Nchi nzima ilijua nani amekufa, watoto wake wanafanya kazi wapi, na kwamba Jumamosi nyumba zao mjini hazina mtu. Na studio za picha? Bibi harusi wako aliwekwa dirishani bila kuulizwa, na ulipita pale kila siku ukijivunia. Hakuna aliyekwenda mahakamani.

#44 SimuNaKompyuta
Mwalimu, heshima zako, lakini tangazo la redio likishasomwa limekwisha. Mwizi alitakiwa awe amewasha redio saa hiyo hiyo na awe na kalamu. Leo anatafuta mwaka mmoja baadaye, usiku wa manane, kwa jina, na anapata. Na dirisha la studio lilionekana na wapita njia wa mtaa huo, ambao wengi walikujua.

#45 Mwalimu_Mstaafu
Wizi siku za matanga ulikuwepo pia, kijana. Ndiyo maana kila boma liliacha mtu nyuma.

#46 Mluhya_Halisi
Mwalimu amegusa panapouma. Redio angalau ilisubiri familia ipeleke tangazo na ilipie. Sasa mtu anakata roho Kakamega saa kumi na mbili, saa kumi na mbili na nusu binamu ameshaweka mshumaa kwenye stetasi, "nenda salama mjomba". Shangazi yangu, dada wa marehemu, alikuwa ndani ya matatu, amefika Kericho, anakuja kumwona kaka yake mgonjwa na amebeba uji kwenye flaski. Alifungua simu aangalie saa. Abiria walisimamisha gari. Hakuna mzee aliyekuwa amekaa wala kuamua nani atamwambia na kwa maneno gani. Kisha huyo binamu akauliza kwa nini tunamkasirikia, yeye alikuwa anaomboleza.

#47 NyarAhero
Poleni sana. Kwetu pia imetokea.

#48 Mama_Mapacha_Kisumu
Pole omwami.

#49 Kaka_Shabab
Pole. Na bango la mazishi je? Picha ya marehemu, majina ya watoto na wakwe wote, kijiji, ratiba ya siku kwa siku, na chini namba ya mweka hazina. Linazunguka magrupu yote. Mtaani kwetu mtu alichukua bango, akabadilisha tarakimu mbili za mwisho, akalirudisha kwenye magrupu. Watu walichanga siku mbili kwa mgeni. Jina lilikuwa linatokea kwenye M-Pesa kama @Fundi_Kondele alivyosema huko juu, lakini nani anasoma jina wakati wa msiba? Ulijua mweka hazina ni shemeji wa marehemu, jina lake rasmi hulijui.

#50 Mkulima_wa_Molo
Ndiyo maana sisi tulikataa namba ya mtu. Paybill ya akaunti ya benki, na jina la akaunti linaandikwa kwenye bango kwa herufi kubwa kuliko jina la marehemu.

#51 Mluhya_Halisi
Kuliko jina la marehemu? Huyo marehemu atawatembelea.

#52 Fundi_Kondele
Paybill pia inabadilishwa kwenye bango. Bora namba isiandikwe, mweka hazina atume sauti yake kwenye grupu, kila mtu anaijua sauti yake.

#53 SimuNaKompyuta
Sauti siku hizi inaigwa na kompyuta. Sekunde chache za rekodi zinatosha.

#54 Chapo_Madondo
Basi turudi kwa daftari na sufuria ya mchango.

#55 Kaka_Shabab
Sufuria yenyewe ilibebwa Bondeni.

#56 Siasa_Bila_Chai
Nyinyi mnahangaika na tapeli wa 3,500. Mmesahau Cambridge Analytica, ile kampuni ya Uingereza ya kuchimba data za wapiga kura? Machi 2018 mmoja wa wakubwa wao alinaswa na kamera ya siri ya Channel 4, televisheni ya hukohuko, akijisifu jinsi walivyoendesha kampeni hapa Kenya, 2013 na 2017. Hao walijua hofu zako.

#57 Mkulima_wa_Molo
Hofu yangu ni bei ya viazi, na hawakuipandisha.

#58 DaktariWaSimu
Kabla uzi haujaenda siasa, mambo machache ya mkono, @Mzazi_Lanet na wengine. Namba za matapeli tumeni kwa 333 kama mko Safaricom, ni bure. Pigeni *106# muone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu, wiki hii nimemwona mama mmoja ana laini asizozijua, alishika kichwa. WhatsApp wekeni ile namba ya siri ya tarakimu sita, ya hatua mbili, na mtu akiwaomba tarakimu zilizoingia kwa meseji, hata awe padri, msimpe kitu. Picha ya profaili iwe ya waliosevwa tu. Na kwenye grupu la darasa mwombeni admini atoe namba zisizojulikana ni za nani.

#59 Mzazi_Lanet
Nimeuliza kwenye grupu la darasa. Namba kumi na moja hazina mwenyewe. Admini anasema akizitoa huenda akamtoa mzazi wa kweli, na mwenyekiti wa wazazi amekasirika kwamba nawashuku. Mzazi mwingine naye ameniandikia pembeni kwamba alipigiwa simu hiyohiyo mwezi uliopita, na mtoto wake hayuko shule yetu, yuko ya jirani. Wanachoshirikiana ni basi.

#60 NyarAhero
Basi! Dereva ana namba za wazazi wote.

#61 Kaka_Shabab
Au mshonaji wa sare. Shule jirani hushonewa mahali pamoja.

#62 Mwalimu_Mstaafu
Au duka la fotokopi. Orodha za shule mbili zikipitia kwenye kompyuta moja pale mjini, faili zinabaki pale kwenye skrini, yeyote anayekuja kuchapisha anaziona. Nimeona hilo kwa macho yangu.

#63 DaktariWaSimu
Fotokopi sikuifikiria. Lakini dereva wa basi asingesema ngazi, anaijua shule. Aliyepiga hajawahi kuiona.

#64 Samaki_Kavu
Au dereva aliuza na mwingine akapiga.

#65 Mkulima_wa_Molo
Naomba kutoka nje ya mada kidogo. Nina nyumba ya kupanga Naka, bomba la jikoni limepasuka tangu asubuhi. Kuna mtu ana namba ya yule fundi mjeuri?

#66 Mama_Mapacha_Kisumu
Namba ya mtu haitolewi hapa, tumesema nini kurasa zote hizi?

#67 Bomba_Naka
Mjeuri ni mimi. Ni upande gani wa Naka? Usijibu hapa, njoo kwa ujumbe wa siri, na funga koki kuu sasa hivi.